Daftari la Shaaban

Mtaa mzima wa Kikwajuni unanijua kwa mdomo. Marehemu mume wangu Abdulla, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema kwamba mimi nikifa itabidi yachimbwe makaburi mawili, moja langu na moja la mdomo. Sikuwa nikikasirika, kweli ni kweli. Nimesema na wakwe, nimesema na masheha, nimesema na madaktari, na sijajuta. Nnajuta siku moja tu, na siku hiyo sikusema kitu.

Nilikuwa nesi wa maradhi ya akili kwa miaka ishirini na saba. Kliniki yetu ilikuwa kijumba cha vyumba vitatu huku Ng'ambo, kimeshavunjwa sasa, pamejengwa maduka. Daktari wetu alikuwa Daktari Nahodha, mtu wa Tumbatu, mpole, hata ukimtukana atakuuliza kama umekula. Mwaka wa 1987, katikati ya Ramadhani, aliletwa bibi mmoja wa Nungwi, Bi Makungu, anatetemeka mwili mzima, ulimi mzito, hajui yuko wapi. Kwao walishamsomea, walishamfukiza, haikufaa. Alikuwa akitumia lithiamu, ambayo sisi tukiita dawa ya chumvi, maana asili yake ni chumvi ya mawe. Daktari Nahodha aliitazama midomo yake ilivyokauka, akamtundikia maji ya mshipa siku tatu, akapona. Kisha akaniita mimi.

"Kulthum," akanambia, "dawa hii inataka maji. Mtu akishinda kutwa mwili umekauka, dawa ileile inageuka sumu. Kila Shaaban, kabla watu hawajavunja jungu, waite wote mmoja mmoja, uwaambie wasifunge, walishe masikini. Usingoje waje kuuliza."

Nikanunua daftari la skuli la kurasa arubaini na nane. Kila Shaaban, zile siku za mwisho watu wanapokula na kucheka kabla ya mfungo, mimi nilikuwa nikiwaita watu wangu wa dawa ya chumvi. Niliyemwambia, namtia tiki mbele ya jina lake. Asiyekuja, namfuata kwake. Nilikwenda mpaka Makunduchi kwa ajili ya mzee mmoja aliyenifukuza na jembe, na tiki yake nikaitia palepale njiani.

Jina la tano katika daftari lile lilikuwa la Badar.

Badar alikuwa mshona kofia wa Malindi. Babu zake walikuwa na mashamba Kidichi, karafuu na mdalasini. Yeye alibakiwa na nyumba yenye dari linalovuja na mikono yake miwili, lakini mikono ile wacha! Kofia ya viua akiishona yeye, vile vitundu vimepangika sawasawa, ungesema vimepimwa. Alipougua mara ya kwanza alivaa joho lake la harusi akasimama Darajani siku tatu, hali, halali, anawahutubia watu na kuku. Mara ya pili aligawa kila kitu nyumbani mpaka kitanda cha mtoto. Tulipompa dawa ya chumvi akatulia. Miaka sita hakupandwa tena. Mkewe, Shemsa, alikuwa akija kliniki na sahani ya visheti kunishukuru, kama kwamba dawa ile nimeisaga mimi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimuuma Badar, na kitu hicho nilikuwa nikimfanyia mimi kila mwaka. "Hufungi," nikimwambia. Ananitazama kwa macho yale makubwa. "Bi Kulthum, wewe mwanamke una roho ngumu. Mtu mzima nijifiche jikoni ninywe maji?" Alikuwa na binti, Khawla, na huyo alipofika miaka saba alianza kufunga nusu siku. Siku moja alimfuma baba yake nyuma ya mlango wa jiko na kikombe mkononi. Mtoto akarudi ukumbini akakaa. Badar alinisimulia hayo huku machozi yanamlenga, nami nikamwambia, "Bora akuone na kikombe kuliko akuone na sanda." Ndivyo nilivyokuwa nikisema na watu. Na akinisikia.

Daktari Nahodha alifariki mwaka wa 1993. Akawa anakuja daktari kutoka Dar mara moja kwa miezi miwili, wakati mwingine miezi minne. Wagonjwa wanaishiwa na dawa, hakuna wa kuwaandikia. Hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba Bi Hamda asomeshwe.

Bi Hamda alikuwa mwanasaikolojia wetu, mtoto wa mzee Hashil wa Vuga, amesomea Bulgaria. Kazi yake ilikuwa kukaa na wagonjwa na kuzungumza nao, na alikuwa fundi wa kuzungumza. Mtu anaingia chumbani mwake amefunga mikono, anatoka anapangusa pua. Lakini dawa hakuwa na ruhusa kuandika. Sasa kikapatikana chuo kimoja cha Ulaya kinachofundisha watu kama yeye kuandika dawa za akili kwa masomo ya posta. Kila mwezi inakuja bahasha nene ya khaki, ndani mna vitabu na kaseti. Anasoma, anajibu maswali, anaandika habari za wagonjwa wake, anatuma. Baada ya wiki tano au sita inarudi karatasi ya msimamizi wake imejaa wino mwekundu. Mwaka wa kwanza ulipokwisha akapewa ruhusa ya dawa chache, na dawa ya chumvi ikiwamo.

Na alisoma, jamani, nisimsingizie. Umeme ukikatika alikuwa akisoma kwa kibatari. Mchana wakati wa kula, sisi tunakula, yeye kajifungia na redio kaseti, anamsikiliza yule mzungu wa kwenye kanda anavyonong'ona habari za figo na maini.

Lakini mimi niliona wivu. Nnalisema leo kwa sababu sina tena wa kumficha. Miaka ishirini na saba nimeshika sindano na mikono ya watu wenye wazimu, nimepigwa, nimetemewa mate, hakuna aliyeniletea bahasha. Wivu wangu ukatokea pale unapotokea kila siku, mdomoni.

Ilikuwa wiki ya pili ya Shaaban, Januari 1995. Ukumbi umejaa watu, na mlango wa Bi Hamda umefungwa, sauti ya kaseti inasikika. Mwanamke mmoja akauliza mbona haitwi. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Subiri shoga, Bi Hamda yuko na mume wake wa posta. Mume mzuri huyo! Hali, hafuliwi, ukimchoka unambonyeza anazima."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Na huku nnacheka nnajua kwamba Bi Hamda aliachwa kwa barua. Mumewe alikwenda Maskati, akamletea talaka kwa posta, mistari miwili, hata hali yake hakumuuliza. Nilijua hayo vizuri, maana barua aliisoma mbele yangu.

Kaseti ikazimwa. Mlango ukafunguliwa. Bi Hamda akasimama pale, uso umemwiva, akasema polepole, mbele ya watu wote: "Bi Kulthum. Kazi yako hapa ni kutafuta mafaili na kuita majina. Habari za dawa, kuanzia leo, usimwambie mgonjwa yeyote kitu. Ukiwa na neno, limeze."

Mimi mtu mzima naambiwa hivyo na mtoto niliyemzidi miaka ishirini! Nilikwenda nyumbani sikula. Asubuhi nikalichukua daftari la Shaaban, nikalitia kwenye mtoto wa meza, nikafunga kwa ufunguo. Nilisema moyoni: haya, na tuone. Akija kuniuliza ntamwambia. Aje mwenyewe, aniombe.

Hakuja kuuliza. Angeulizaje kitu ambacho hajui kama kipo? Hilo sikulifikiri wakati ule.

Siku mbili kabla ya mfungo kuingia, Badar akaja kuchukua dawa zake. Peke yake, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia kichwani ya mkono wake. Nikampeleka chumbani kwa Bi Hamda na faili lake, nikasimama kando ya kabati kama kawaida.

"Daktari," akamwambia, na Bi Hamda hakuwa daktari lakini watu walishaanza kumwita hivyo, "miaka sita mimi nnalisha masikini. Mwaka huu nataka kufunga. Mwanangu anafunga siku nzima sasa, ana miaka minane. Naweza?"

Bi Hamda hakukurupuka kujibu. Alikuwa mtu wa hadhari. Akatoa vitabu vyake vyote vitatu, akapekua faharasa, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Akalikuta neno kufunga mahali pamoja tu, penye kusema mgonjwa asile chochote asubuhi kabla ya kupimwa damu. Basi. Walioviandika vitabu vile hawakuwa na Ramadhani. Akaangalia majibu ya damu ya Badar, yaliyorudi na boti kutoka Dar wiki ile, yalikuwa mazuri.

"Kwenye kitabu sioni kizuizi," akasema. "Vidonge viwili baada ya kufuturu, kimoja wakati wa daku."

Badar akafunga macho, akasema Alhamdulillahi. Kisha akageuka akanitazama mimi. Na Bi Hamda naye akanyanyua kichwa akanitazama.

Nnaliona tukio lile mpaka leo. Wote wawili wananitazama. Feni inazunguka. Neno liko hapa, kwenye ncha ya ulimi, maneno matatu tu, dawa inataka maji. Nami moyoni nnasema, mwache akaiulize kaseti yake. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa vumbi juu ya kabati.

Badar akaondoka anatabasamu.

Mwaka ule mfungo uliingia Februari, kaskazi imeshika, joto la kuunguza nyayo. Mwezi kumi na moja Ramadhani, Jumamosi, nikamkuta Darajani baada ya alasiri ananunua ndizi mbivu na tambi. Kanzu inampwaya. Aliponiona akanyanyua mkono kunisalimia, na kikapu kikamponyoka. Tukaokota ndizi pamoja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Swaumu hiyo, Bi Kulthum," akacheka. "Kumi na moja leo, sijala hata moja! Khawla ananihesabia kwa mkaa ukutani. Kofia tu ndiyo imenishinda, viua vinakwenda upande."

"Unakunywa maji usiku?" nikamuuliza.

"Nnakunywa. Lakini tumbo halitulii, nnatapika kidogo."

Pale ilikuwa nipige ukelele. Ilikuwa nimshike mkono nimpeleke moja kwa moja. Nikasema, "Jumatatu njoo kliniki," basi. Bado nilitaka liwe jambo la kliniki, mbele ya Bi Hamda, aone kwamba mimi ndiye niliyejua. Astaghfirullah! Mtu anatapika, mimi nnatafuta pa kumwonyesha mwenzangu.

Jumatatu niliingia kazini na daftari mkobani. Nilishaamua kusema. Nikawakuta wako mlangoni, Shemsa na shemeji yake wamemshika Badar huku na huku. Miguu inagongana. Kinywa kimemwenda upande, maneno hayafahamiki. Shemsa akanambia kwamba tangu jana daku anatapika, na majirani walimwambia afungue, akakataa katakata kwa kutikisa kichwa, maana kusema hawezi. Siku kumi na mbili alikuwa nazo, hakutaka ya kumi na tatu imponyoke.

"Maji!" nikapiga ukelele. "Mpeni maji! Ni dawa ya chumvi hiyo, mwili umekauka, imeshakuwa sumu!"

Bi Hamda akatoka mbio. Akamwona Badar, akaniona mimi na daftari mkononi, na nikamwona anaelewa. Akamkimbiza hospitali kwa gari ya jirani, akakaa naye siku nne, akawa anaondoka kwenda kufuturu na kurudi. Mimi siku ileile nikawafuata wengine wa daftari majumbani kwao, wakafungua. Badar walimtundikia maji, lakini figo zilishakataa. Damu yake ilipelekwa Dar kwa boti, majibu yakarudi tulikwisha kumzika. Alikufa mwezi kumi na saba, Ijumaa, kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa sikilizeni watu walivyosema matangani. "Kafa Ijumaa!" "Kafa ndani ya mwezi mtukufu, milango ya pepo i wazi." "Mwezi kumi na saba, siku ya vita vya Badri, na mwenyewe Badar." Wanawake wananishika mkono wananambia, "Mtu wako huyo, ulimuuguza miaka yote, umepata thawabu." Bi Hamda alikaa pembeni penye viatu, kajifunika, anasikiliza yaleyale nnayoyasikiliza mimi. Hakuna aliyetulaumu, hata mmoja. Ningelipewa kofi siku ile ningelishukuru.

Siku ya pili alikuja kwangu. Nikampa daftari. Akafungua, akasoma tangu 1987. Akafika jina la tano. Tiki sita zimefuatana, na mahali pa mwaka ule peupe.

"Nilikutazama, Bi Kulthum," akasema. "Nilikutazama kusudi. Mimi sikujua, lakini nilijua wewe ungejua."

"Ulinambia nimeze."

Nilipolitamka likatoka dogo, jambo la watoto wanaogombania kifuu. Bi Hamda akaanza kulia, nami nikalia, kila mtu upande wake wa ukumbi. Hatukukumbatiana. Wala hakunitupia lawama zote. Alisema angelipaswa kuniomba radhi siku ileile, na kwamba siku ile alikuwa amekasirishwa na barua nyingine kutoka Maskati, si mimi.

Baada ya Idi ikaja bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na karatasi aliyoituma yeye mwezi wa Shaaban, habari za mgonjwa mmoja mshona kofia, dawa zake na vipimo vyake. Msimamizi ameandika juu kwa wino mwekundu: tisini na mbili, vizuri sana, endelea hivyohivyo. Bi Hamda akamwandikia barua ya kurasa kumi na nne, kila kitu, mpaka neno la mume wa posta. Mtihani wa mwisho hakufanya. Alirudi kwenye kuzungumza na watu, na baada ya mwaka akaomba uhamisho Pemba. Dawa tukarudi kuingoja boti ya Dar, na katika kungoja huko wapo walioharibikiwa, na hao nao nnawahesabu.

Lakini kilichonimaliza mimi hakikuwa hicho. Ilikuwa siku ya arubaini ya Badar. Shemsa yumo edani, nikamwendea baada ya hitma, watu wameshatawanyika. Nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Akanikalisha mkekani, akanitilia kahawa, na kabla sijafungua kinywa akaanza yeye.

"Bi Kulthum, mimi nakushukuru," akasema. "Siku ile aliporudi kliniki na kusema ameruhusiwa kufunga, mimi niliogopa. Nikamwambia, huyo mtoto wa mzee Hashil anasomea posta, atajua nini? Akanambia, Shemsa, sikumtegemea yeye. Bi Kulthum alikuwapo. Nilimtazama, akanyamaza. Na mdomo ule unaujua, lau kungekuwa na jambo angelisema. Akinyamaza Bi Kulthum, basi mimi nimepona." Akajipangusa macho kwa upande wa kanga. "Akafunga siku zake kumi na mbili, na moyo wake umetua. Hayo umempa wewe."

Kahawa ikanipoa mkononi. Kukaa kimya tena nisingeweza, nilikwishaona kilichotoka humo.

"Shemsa, mwanangu," nikamwambia, "nilijua. Nilijua kuwa dawa ile na swaumu haviendi pamoja. Nilikuwa nimenuna. Nikanyamaza."

Alinitazama kama anayemtafuta mtu aliyekuwa amekaa pale kabla yangu. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwangu, taratibu, akakiweka kwenye sinia.

"Khawla," akaita.

"Naam, mama."

"Mletee Bi Kulthum buibui lake."

Mtoto akaja nalo amelikunja vizuri, akanambia shikamoo. Nikafungua mdomo kumwitikia marahaba, na marahaba haikutoka.